Nuru Juu ya Ini: Je, Kamera Hutabiri au Hukadiria?

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua, wala hawakumwahidi mkulima kwamba kila wingu litadondosha maji shambani mwake. Ndani ya methali hiyo fupi mna tofauti ambayo wapenzi wa istilahi aghalabu huisahau: tofauti baina ya ishara na tokeo, baina ya kukiona kilichopo na kukinena ambacho bado hakijatukia. Makala haya yanaichunguza tofauti hiyo katika uwanja ambao mwanafunzi wa Kiswahili huudhania kuwa wa mbali naye, yaani chumba cha upasuaji, pale ini la mgonjwa linapomulikwa kwa nuru maalumu ili madaktari wapime iwapo litamudu kazi yake baada ya sehemu yake kukatwa.

Kila teknolojia mpya inapobisha hodi katika Afrika Mashariki, wanaisimu na walimu wa lugha hukimbilia nomino. Ubishi wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi ulijaza kurasa na vikao kwa miaka mingi, na ule wa simu ya mkononi na rununu haukuwa haba. Ubishi huo ulikuwa na faida yake, maana uliwafunza wengi kanuni za uundaji wa maneno. Lakini hakuna mtu aliyepoteza maisha kwa sababu kompyuta iliitwa tarakilishi. Katika tiba mambo ni mengine. Jina la kifaa linaweza kukopwa, likatoholewa na likazoeleka bila ya madhara makubwa, ilhali kitenzi kinachoeleza kifaa hicho kinafanya nini ndicho humfanya mgonjwa akubali kisu au akikatae. Hoja ya makala haya ni kwamba istilahi za tiba zianzie kwenye vitenzi, na upimaji wa ini kwa nuru ni mfano mwafaka wa kuidhihirishia hoja hiyo.

Ini na sehemu inayosalia

Mswahili amelijua ini tangu kale kuwa makao ya hisia. Aliyeambiwa maneno ya kumchoma husema amekatwa maini, na shughuli inapoharibika husemwa kwamba imetumbukia nyongo. Lugha, kwa hiyo, haikukaa mbali na kiungo hiki. Hata hivyo, ini la misemo ni tofauti na lile lililo mbele ya daktari mpasuaji, na ni sharti hili la pili lielezwe kwanza ili suala la lugha lieleweke.

Ini la mtu mzima lina uzani wa takribani kilo 1.5, nalo hupokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kinyume na viungo vingine vingi, ini hulishwa na njia mbili: takribani robo tatu ya damu yake huja kupitia mshipa mkubwa utokao matumboni, na robo iliyobaki huletwa na ateri. Mwaka 1957 Mfaransa Claude Couinaud alieleza kwamba ini linaweza kugawanywa katika sehemu 8, kila moja ikiwa na mishipa yake ya kuilisha. Kutokana na mgawanyo huo, daktari anaweza kuiondoa sehemu yenye uvimbe wa saratani na kuziacha nyingine zikiwa hai.

Ini pia lina sifa ambayo hakuna kiungo kingine cha ndani kinachoifikia. Mwaka 1931 watafiti wa Marekani, Higgins na Anderson, walionyesha kwamba panya aliyeondolewa theluthi mbili za ini lake hurejesha uzani wa kiungo hicho katika muda wa wiki chache. Sehemu zilizokatwa hazichipui tena kama mkia wa mjusi. Zile zilizosalia ndizo hukua na kuibeba kazi ya zote. Binadamu naye amejaliwa uwezo huo, ingawa huchukua miezi.

Hapo ndipo swali gumu linapozuka. Je, ni kiasi gani cha ini kinachotosha kuachwa? Kwa mtu mwenye ini lenye afya, madaktari wengi hutaka isalie angalau sehemu ya asilimia 20 hadi 25. Kwa aliyetibiwa kwa dawa kali za saratani hutaka asilimia 30, na kwa mwenye ini lililojaa makovu hutaka asilimia 40 au zaidi. Iwapo sehemu inayosalia itashindwa, macho ya mgonjwa huwa manjano, damu yake hukataa kuganda, tumbo hujaa maji na akili huweza kuvurugika.

Kwa muda mrefu jibu la swali hilo lilipatikana baada ya mgonjwa kurejeshwa wodini. Mwaka 2005 madaktari wa Ufaransa walichapisha kipimo kilichokuja kujulikana kwa jina la hamsini-hamsini. Walitazama mambo mawili katika siku ya 5 baada ya upasuaji: uwezo wa damu kuganda ukiwa umeshuka chini ya asilimia 50 ya kawaida, na bilirubini, ile rangi ya manjano inayotokana na damu kuukuu, ikiwa imepanda juu ya mikromoli 50 kwa lita. Miongoni mwa wagonjwa waliokuwa na hali zote mbili, asilimia 59 walifariki, ilhali miongoni mwa wengine waliofariki walikuwa asilimia 1.2. Kipimo hicho kina nguvu, lakini kina uchungu wake pia, maana siku ya 5 kisu kimekwisha kurudi alani na sehemu iliyokatwa haiwezi kurudishwa.

Nuru inaona nini?

Ndiyo maana watafiti wametaka swali hilo liulizwe mapema, tumbo la mgonjwa likiwa bado wazi. Kabla ya kamera, daktari alitegemea macho na vidole vyake. Ini lenye damu ya kutosha lina rangi ambayo Waswahili huiita damu ya mzee. Mshipa wa sehemu fulani ukifungwa, sehemu hiyo hufifia na mpaka huonekana juu ya ini kana kwamba umechorwa. James Hogarth Pringle, aliyekuwa daktari mjini Glasgow, alieleza mwaka 1908 namna ya kuibana mishipa yote inayoingia katika ini ili kuzuia umwagikaji wa damu, na mbinu hiyo ingali ikitumika. Lakini jicho la mtu huona rangi ya juu tu, na haliwezi kusema ni kiasi gani cha oksijeni kilichomo.

Njia ya kwanza ya kulisaidia jicho ni rangi ya tiba iitwayo indosianini ya kijani. Asili yake ni utafiti wa kampuni ya Kodak kuhusu rangi za kupigia picha, nayo iliidhinishwa kwa matumizi ya tiba nchini Marekani mwaka 1959. Ikidungwa katika mshipa, hujishikiza kwenye protini za damu, kisha ini pekee huichuja na kuimwaga katika nyongo. Inapomulikwa kwa miale iliyo kando ya wekundu, ambayo jicho haliioni, hutoa mng'ao unaonaswa na kamera. Sehemu inayofikiwa na damu hung'aa, na isiyofikiwa hubaki giza.

Rangi hiyo hutumika pia kupima kasi ya kazi. Katika ini lenye afya, kiasi kinachosalia katika damu baada ya dakika 15 huwa chini ya asilimia 10. Nchini Japani, Masatoshi Makuuchi na wenzake waliweka utaratibu unaooanisha kiasi hicho na ukubwa wa sehemu inayoruhusiwa kukatwa: kadiri rangi inavyokawia katika damu, ndivyo sehemu ya kukatwa inavyopunguzwa. Wapo madaktari ambao, wakati wa upasuaji wenyewe, huibana kwanza mishipa ya sehemu wanayokusudia kuiondoa, kisha kwa kifaa cha nuru kinachobanwa kidoleni hupima kasi ya rangi kuondoka katika damu. Katika dakika hizo chache sehemu itakayosalia huwa inafanya kazi peke yake, kama mwanafunzi anayefanya jaribio kabla ya mtihani, na daktari angali na nafasi ya kubadili nia.

Njia ya pili haihitaji rangi yoyote mwilini. Kamera yake huigawa nuru inayorudi kutoka kwenye ini katika mawimbi mengi membamba, kupita yale matatu ya nyekundu, kijani na buluu yanayotosha kamera ya kawaida. Kwa kuwa hemoglobini iliyobeba oksijeni hunyonya nuru kwa namna tofauti na ile isiyobeba, kompyuta hukokotoa kiasi cha oksijeni katika kila doa la ini na kulichora kwa rangi. Watafiti wa Ujerumani na Ufaransa, miongoni mwa wengine, wamekuwa wakiijaribu njia hii kwa nguruwe na kwa wagonjwa, wakilinganisha ramani ya rangi na hali ya ini baada ya upasuaji.

Mipaka ya njia hizi haina budi kutajwa. Mng'ao wa indosianini hauonekani kutoka kina kinachozidi takribani sentimita 1. Mafuta na makovu ndani ya ini huibadili nuru inayorudi. Tafiti nyingi zimehusisha wagonjwa wachache. Isitoshe, mambo mengi huamua mwisho wa mgonjwa ilhali kamera haiwezi kuyaona: umri wake, maambukizi ya vijidudu, damu iliyomwagika, na uangalizi wa wauguzi usiku wa manane.

Kutabiri, kubashiri, kuagua, kukadiria

Sasa ulimi uulizwe: je, kamera hii inafanya nini? Katika mazungumzo ya kawaida, jibu jepesi ni kwamba inatabiri kupona kwa mgonjwa. Maneno manne tu, na karibu yote yana kasoro.

Kitenzi kutabiri kimetoka katika Kiarabu, ambako neno lililo asili yake lilihusu kufasiri ndoto. Katika Kiswahili kimebeba maana ya kutangaza yatakayokuja kwa uwezo ambao msikilizaji hana. Mtabiri hajadiliwi. Utabiri wake ukikosa kutimia, huitwa mwongo, na ukitimia huogopwa. Kubashiri nako kuna ukoo mmoja na bishara, na asili yake ni kuleta habari njema. Siku hizi kitenzi hicho kimetekwa na vijana wanaocheza kamari ya matokeo ya kandanda, na ni vigumu kukirejesha wodini kikiwa safi. Kuagua ni neno la Kibantu lenye heshima yake, lakini mwaguzi hufichua kilichojificha na kukiponya kwa pamoja, jambo ambalo kamera haina. Kukisia kuko upande wa pili kabisa, maana akisiaye hana haja ya kupima chochote.

Kinachobaki ni kukadiria. Kitenzi hiki ni ndugu wa kadiri na makadirio. Mwananchi wa Kenya huyasikia makadirio kila mwaka bajeti ya serikali inaposomwa, naye anajua mambo mawili kuyahusu: kwamba yametokana na hesabu ya vitu vilivyopo, na kwamba mwisho wa mwaka matumizi huenda yakawa tofauti. Hizo ndizo sifa mbili za kile ambacho nuru hutoa juu ya ini. Kuna kipimo cha kweli cha damu na oksijeni iliyopo sasa, na kuna nafasi ya mambo kwenda kombo. Inafaa kukumbukwa pia kwamba katika shina hilohilo la Kiarabu limechipuka neno kadari, yaani majaliwa ya Mungu. Kadirio ni la mja na kadari ni ya Muumba. Lugha imeyaweka maneno hayo mawili jirani, lakini haikuyachanganya, na mwenye kukisema Kiswahili kwa makini hana sababu ya kuyachanganya.

Yule anayedhani kwamba tofauti hii ni ya wanakamusi tu na akirudie kile kipimo cha Ufaransa. Asilimia 59 walifariki. Ikisemwa kwamba kipimo kilitabiri kifo, wale 41 kati ya kila 100 waliobaki hai wanageuka kuwa makosa ya utabiri. Ikisemwa kwamba kipimo kilikadiria hatari, wale 41 ni sehemu ya hesabu yenyewe, na kila mgonjwa aliye katika hali hiyo ana haki ya kuendelea kupiganiwa. Familia iliyoambiwa utabiri wa kifo huenda ikaomba mgonjwa wao aondolewe hospitalini akafie nyumbani. Familia iliyoambiwa utabiri wa kupona huenda ikawasha moto wa karamu siku ya 2, kisha siku ya 6 ikamtuhumu daktari kuwa muuaji. Makosa yote mawili huanzia katika kitenzi.

Kupona, nafuu na ahueni

Nomino ya maneno yale manne nayo haijasalimika. Kupona ni neno pana mno. Mgonjwa wa saratani ya ini akiambiwa atapona, huelewa kwamba saratani imekwisha na haitarudi. Kamera haikusema hivyo. Kilichopimwa ni uwezo wa sehemu inayosalia kufanya kazi katika siku za mwanzo, na ini linaweza kufanya kazi vizuri ilhali mbegu ya maradhi ingali imejificha mahali pengine. Kiswahili kina neno nafuu kwa maumivu yanayopungua, kina ahueni kwa hali inayotengenea, na kina kupona kwa maradhi yaliyoondoka. Hii ni ngazi yenye vidato vitatu, na kumruka mgonjwa hadi kidato cha juu ni kumwandalia anguko.

Picha nayo ina mtego wake. Wagonjwa wengi nchini husema wamepigwa picha wakimaanisha eksirei, na kwao picha ni shahidi asiyedanganya. Lakini ramani ya oksijeni juu ya ini imepakwa rangi na kompyuta: aghalabu nyekundu huashiria oksijeni nyingi na buluu huashiria chache, kwa sababu mhandisi fulani alichagua hivyo. Kuiita ramani ya rangi kunamfahamisha msikilizaji kwamba kuna mtu aliyeichora na kuna kanuni ya kuisoma.

Zingatia sentensi mbili ambazo daktari anaweza kumwambia mke wa mgonjwa. Ya kwanza: "Mama, kamera imetabiri kwamba mzee atapona." Ya pili: "Mama, tumeipima kwa nuru sehemu ya ini la mzee itakayosalia. Damu inafika vizuri. Kwa makadirio yetu, yumkini itaiweza kazi yake katika siku hizi za mwanzo. Tutazidi kumpima damu kila siku, maana hali inaweza kugeuka." Sentensi ya pili ni ndefu, lakini haina neno moja ambalo mama wa Kitui au wa Kilifi atahitaji kutafsiriwa. Haina istilahi mpya hata moja. Ubora wake wote umo katika vitenzi na katika neno yumkini, ambalo Kiswahili kimekuwa nalo miaka na mikaka.

Hoja za wanaopinga

Yumkini watatokea wa kupinga. Wa kwanza watasema kwamba utabiri wa hali ya hewa husikika redioni kila jioni na hakuna anayeudhani kuwa unabii. Hoja hii ina uzito. Ni kweli kwamba matumizi yameufuga utabiri katika uwanja huo. Lakini msikilizaji wa hali ya hewa ameuona utabiri ukikosa mara nyingi, na kila kunapokucha anaupima upya kwa macho yake. Mgonjwa wa ini hana asubuhi nyingi za kujifunzia. Isitoshe, hakuna anayetia sahihi fomu ya kupasuliwa tumbo kwa sababu ya mawingu.

Wa pili watasema kwamba kamera hizi ni za gharama na hazipatikani katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, basi ya nini kuchimba kisima kabla ya kiu? Jibu ni kwamba kiu ikishafika, hakuna muda wa kuchimba. Mashine husafiri kwa ndege na maneno husafiri kwa miguu. Aidha, ugonjwa wenyewe haukungoja kamera. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliwaua watu 125 nchini Kenya, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui, kwa kuwashambulia maini. Sumu hiyohiyo, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, pamoja na homa ya ini ya aina ya B, ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya saratani ya ini.

Wa tatu watasema kwamba madaktari hufunzwa kwa Kiingereza, na kwamba Kiswahili hakina la kufanya chumbani mwao. Lakini Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, faida na hatari za matibabu, katika lugha anayoielewa, pale inapowezekana. Maneno hayo ya mwisho ni mlango ulioachwa wazi. Kila mara istilahi inapokosekana, au inapokuwepo lakini imejaa makosa, mtu anaweza kudai kwamba haikuwezekana. Kazi ya wanafunzi wa Kiswahili ni kuufunga mlango huo.

Wa nne, na pengine wenye huruma zaidi, watasema kwamba jamaa za mgonjwa wanahitaji tumaini, na kwamba kuwapimia maneno ni ukatili. Hapa Kiswahili kina adabu yake ya kale. Msemaji humaliza kipimo chake, kisha akaongeza: Mungu akipenda. Tumaini hupewa nafasi yake kamili, lakini huwekwa katika dua. Kipimo hubaki kipimo. Anayelitia tumaini ndani ya kipimo huviharibu vyote viwili.

Kuna funzo jingine linalowahusu watu weusi hasa. Kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwa nuru, ambacho msingi wake uliwekwa na Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970, kilisifiwa duniani kote. Mwaka 2020 utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 kuliko kwa wazungu, kwa kuwa nuru yake hupita katika ngozi. Kamera inayolimulika ini moja kwa moja haipiti katika ngozi, na kwa hiyo haiwezi kushtakiwa kwa kosa hilo. Lakini namba iliyo kwenye kioo haina haya: husema kwa sauti ileile inapopatia na inapokosea. Lugha ndiyo inayoweza kumkumbusha msikilizaji kuuliza kipimo kilipatikanaje, na kwa watu gani.

Hitimisho

Kiswahili hakianzi patupu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na neno UKIMWI, lililoundwa kwa herufi za maneno ya kawaida, limewafunza mamilioni kwamba ugonjwa huo ni upungufu wa kinga mwilini. Mafanikio hayo yanastahili kuendelezwa, lakini kwa kubadili mwanzo wa safari.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu kwa vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu. Kwanza, kila orodha ya istilahi za tiba ianze na vitenzi: kifaa kinapima, kinaonyesha, kinakadiria au kinathibitisha? Pili, wanafunzi wa Kiswahili na wenzao wa udaktari na uuguzi wakae pamoja, wayasikilize maneno ambayo wagonjwa tayari wanayo, kama damu ya mzee, nafuu na ahueni, kabla ya kuunda mapya. Tatu, istilahi isikubaliwe kwa kura ya wasomi peke yao. Msikilizaji asiye daktari aelezwe jambo, kisha aombwe alirudie kwa maneno yake mwenyewe. Akisema kwamba kamera imemwahidi uhai, istilahi hiyo imeanguka mtihani, hata ikiwa imeundwa kwa ustadi wa kupigiwa mfano.

Wazee walionya kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Daktari mpasuaji hutumia nuru ili kisu chake kisijikwae juu ya ini. Mwanafunzi wa Kiswahili naye ana kazi iliyo sawa na hiyo, kwa kuwa mgonjwa huletewa maneno kabla ya kisu, na maneno hayo ndiyo atakayobaki nayo kitandani siku ya 5, akiyangoja macho yake yasigeuke manjano.